Chatu Aliyegonga Kila Mkono: Uchambuzi wa Kisa cha Kumzoesha Nyoka Mwoga

Kisa hiki kinahusu chatu mfalme mmoja, jike, mwenye umri unaokadiriwa kuwa miaka minne, aliyefika nyumbani kwa dada yangu mjini Leicester, Uingereza, mwishoni mwa Desemba. Mpwa wangu, kijana wa miaka 17, alimpokea kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama na ambaye hakuweza kuendelea kumtunza. Katika majuma matatu ya mwanzo nyoka huyo alimgonga kijana mara nne, akamkosa mara nyingi zaidi, na ikafika hadi akawa anarusha kichwa kwenye kioo kila mtu alipopita mbele ya kizimba chake. Dada yangu, ambaye hakumridhia mgeni huyo tangu siku ya kwanza, alitoa muda hadi mwisho wa Machi: nyoka atulie au aondoke. Hapo ndipo nilipoitwa, kwa kuwa nimefuga nyoka wa aina hii kwa miaka kadhaa na nimewahi kuwapokea wengine waliowashinda wenyewe.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu watu wanaouliza namna ya kumtuliza nyoka mwoga karibu wote huuliza habari za mkono: ashikwe vipi, kwa dakika ngapi, mara ngapi kwa juma. Hapa sehemu kubwa ya kazi ilikwisha kabla hatujamgusa hata mara moja, na nina hakika kwamba tungeanza na mkono, nyoka huyu angekuwa amekwisha kuhamishiwa nyumba ya tatu.

Chatu mfalme (Python regius) si yule chatu tunayemjua kwetu, awezaye kummeza mbuzi. Ni nyoka mfupi na mnene. Jike mkubwa hufikia takriban mita moja na nusu, na dume kwa kawaida hubaki chini ya hapo. Asili yake ni ukanda wa nyasi na miti unaotoka Senegali hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda, na wengi walioingia katika biashara ya kimataifa walitoka Ghana, Togo na Benin, biashara ambayo husimamiwa chini ya Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Mchana hulala ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, usiku hutoka kuwinda. Akitishwa, kinga yake ya kwanza ni kujificha, na ya pili ni kujikunja mviringo kama mpira, kichwa kikiwa katikati ya mikunjo. Kugonga ni kinga ya mwisho. Chatu mfalme mzima anayegonga kila siku, basi, ni mnyama aliyekwisha kuzijaribu kinga zake mbili za mwanzo akaona hazimfai kitu.

Umri wake nao una uzito katika jambo hili. Chatu mfalme aliyetunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30, na wapo wanaovuka hapo kwa mbali: mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis nchini Marekani, jike aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai saba. Nyoka wa mpwa wangu alikuwa na miaka minne. Kumwacha aishi katika hofu kulikuwa ni kumkatia hukumu ya miongo miwili au zaidi.

Nilichokikuta

Nilifika Jumamosi ya tatu ya Januari. Kijana aliniamkia, akanipokea koti, kisha akanionya kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye mgonjwa ndani: “Mjomba, usikisogelee sana kioo. Ukimwinamia tu, anaruka.” Kizimba kilikuwa sebuleni, juu ya kabati fupi, kati ya spika ya televisheni na mlango wa jikoni. Kilikuwa cha kioo pande zote nne, na mlango upande mmoja na mfuniko wa wavu juu. Ndani mlikuwa na ficho moja tu, nusu gogo lililo wazi mbele na nyuma, na taa nyekundu isiyo na kidhibiti joto iliyowaka usiku na mchana. Kipimajoto changu kilionesha nyuzi 39 za Selsiasi chini ya taa na nyuzi 21 upande wa pili, ilhali unyevu wa hewa ulikuwa asilimia 34, maana vyuma vya kupasha joto nyumba vilikuwa vimekausha kila kitu.

Niliketi sakafuni umbali wa mita mbili hivi, nikatulia, nikamwangalia kwa zaidi ya dakika 20 bila kusema neno. Alikuwa amejisukuma kwenye kona ya kioo, shingo imekunjwa mfano wa herufi S, kichwa kimeinuliwa kidogo, mbavu zikipanda na kushuka upesi kuliko inavyompasa nyoka aliyepumzika. Ulimi ulikuwa ukitoka mara chache na kurudi upesi. Mkiani yalikuwa yamebaki mabaki ya gamba la zamani, makavu kama ganda la kitunguu, na jicho la kushoto lilikuwa na ukungu na kibonyeo kidogo pembeni. Dada yangu alipotoka jikoni kwa hatua za haraka, kama alivyozoea kupita hapo tangu nyoka aje, yule chatu alirusha kichwa kwenye kioo kwa kishindo nilichokisikia mpaka kifuani.

“Umeona, kaka?” dada yangu alisema akiwa ameshika fremu ya mlango. “Sisi kwetu nyoka tukimwona juu ya makuti tunaita watu na panga. Huyu mtoto anamlalisha sebuleni.”

Nilimwomba kijana anioneshe mkono. Katika kiganja na kifundo palikuwa na vidoti vidogo vilivyopangika kwa upinde, bila mchaniko wowote, na aliponieleza, mara zote nne nyoka alimgonga akamwachia papo hapo. Maelezo hayo yalikuwa na thamani kubwa. Chatu anayegonga kwa kudhani ameona chakula hushika, huvuta, na mara hiyo hiyo huzungusha mwili. Anayegonga kwa hofu hupiga na kurudi. Tiba za hali hizi mbili hazifanani, na mfugaji asiyezitofautisha atatibu njaa mahali pa woga. Huyu alikuwa akiogopa.

Kisha nikauliza alichokuwa akifanya. Mfanyakazi wa duka moja la wanyama, ambalo sitalitaja, alikuwa amemwambia kwamba nyoka mkali hutulizwa kwa kushikwa kila siku, muda mrefu, mpaka achoke kupigana. Kijana alitii. Kila jioni alivaa glavu nene za ngozi, akafungua mfuniko wa juu, akamkamata nyoka karibu na shingo na kumtoa, akakaa naye saa nzima mbele ya televisheni. “Akishachoka anatulia kabisa, mjomba,” aliniambia. “Halafu kesho yake anaanza upya, tena vibaya zaidi.”

Maneno hayo ndiyo kiini cha kisa hiki. Nyoka aliyezidiwa na hofu hufika mahali akaacha kupambana. Hulegea au hukaza mwili bila kujongea, na mtazamaji akasema ametulia. Lakini kunyamaza si kutulia. Nyoka aliyetulia huchunguza: ulimi hutoka taratibu na kukaa nje, kichwa huenda huku na huku, mwili hupita mkononi kwa mwendo mmoja usiokatika. Aliyezidiwa hafanyi hata moja kati ya hayo. Kila jioni kijana alikuwa akimfundisha nyoka wake jambo moja kwa uaminifu mkubwa, kwamba kitu chenye joto kikishuka kutoka juu, kitafuatiwa na saa nzima ya mateso. Wazee wetu walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hapa aliyekuwa akishtuka ni nyoka mwenyewe, na unyasi wake ulikuwa kivuli cha mkono.

Mambo mawili yalizidisha hofu hiyo. La kwanza ni jicho. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu ambalo hubanduka pamoja na ngozi nzima wakati wa kujivua, na hewa ikiwa kavu gamba hilo laweza kubaki na kumtia kiwi. La pili ni viungo vyake vya kuhisi joto, vishimo vilivyopangwa kwenye midomo, ambavyo humwezesha kumtambua panya gizani. Mnyama asiyeona sawasawa kwa jicho moja lakini anayehisi vizuri kabisa kwamba kitu chenye joto kinamshukia, hana namna ya kujua kama ni mlezi au ni ndege wa mawindo. Na ingawa nyoka hana sikio la nje, mtikisiko humfikia kupitia mwili na mifupa ya taya, kwa hiyo ile spika na zile hatua za haraka za dada yangu zilikuwa zikimgusa mchana kutwa.

Majuma mawili bila kugusa

Hatua ya kwanza ilikuwa kwa daktari wa mifugo anayetibu wanyama watambaao. Sitaacha kulisisitiza hili, kwa sababu nyoka mwenye utitiri chini ya magamba, au mwenye maambukizi ya njia ya hewa, hugonga kwa kuwa anaumwa, na hakuna ustadi wa mkono utakaomtuliza kabla hajatibiwa. Daktari hakuona utitiri, wala ute mdomoni, wala mlio katika pumzi. Aliona nyoka aliyepungukiwa maji, mwenye mabaki ya gamba mkiani na gamba la jicho lililoganda, na akatuonya tusithubutu kulibandua kwa mkono. Uzito wake ulikuwa gramu 840.

Siku hiyo hiyo tulikipandisha kizimba chumbani kwa kijana, kwenye kona isiyopitwa na mtu, mbali na spika. Tuliziba pande tatu za kioo kwa karatasi nyeusi. Tuliiondoa ile taa nyekundu iliyomnyang'anya usiku wake, tukaweka kipasha joto kisichotoa mwanga kilichounganishwa na kidhibiti, upande mmoja nyuzi 32 na wa pili 26. Lile gogo lililo wazi tulilitoa, tukaingiza maficho mawili yanayofanana, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, kila moja likiwa na mlango mmoja mdogo na nafasi ya kumtosha akiwa amejikunja na si zaidi. Wageni wa ufugaji huu hudhani wanamfanyia nyoka hisani kwa kumpa ficho kubwa. Yeye hutaka kuta zimguse mgongoni, kama zinavyomgusa ndani ya shimo la panya. Na maficho yawe mawili, ili asilazimike kuchagua kati ya joto analolihitaji na usalama anaoutafuta.

Kwa matandiko nilileta matofali mawili ya makumbi ya nazi yaliyosagwa na kushindiliwa, ya aina inayouzwa kwa wakulima wa bustani. Tuliyaloweka kwenye beseni bafuni, nayo yakafura taratibu na kutoa ile harufu ya makumbi mabichi, na dada yangu akaja mlangoni bila kuitwa. Sisi ni watu wa Pwani. Tumekua tukiona makumbi yakifukiwa na kutolewa yawe usumba wa kusokotea kamba. Alisimama akainusa harufu ile kwa muda, kisha akauliza kama yote yale ni kwa ajili ya nyoka. Makumbi hushika maji bila kuoza upesi, na kwa kuyalowesha upande mmoja na kuziba sehemu ya wavu wa mfuniko tuliupandisha unyevu hadi asilimia 60.

Baada ya hapo nilimkataza kijana kumgusa nyoka kwa siku 14. Alilipokea kwa uzito, kwa sababu kijana mwenye bidii huona vigumu kuamini kwamba kutofanya kitu ni kazi. Nilimpa kazi mbili ndogo. Kila jioni saa mbili usiku abadilishe maji, mkono uingie kutoka ubavuni mwa kizimba na kwenda taratibu, usikaribie ficho, utoke. Na fulana aliyolalia usiku mmoja aiweke ndani, karibu na ficho la upande wa baridi, aibadilishe kila baada ya siku nne. Nyoka hukusanya harufu kwa ulimi na kuisoma kwa kiungo kilicho juu ya kaakaa. Harufu ya mlezi ikikaa pale usiku baada ya usiku bila kuambatana na tukio lolote baya, hugeuka kuwa sehemu ya chumba. Aliyaandika yote katika daftari: saa, nyuzi za joto, mahali alipo nyoka, na kama shingo ilikunjwa mkono ulipoingia.

Siku nane za mwanzo shingo ilikunjwa kila jioni. Siku ya tisa haikukunjwa. Siku ya kumi ilikunjwa tena, na kuanzia ya kumi na mbili hakuiandika tena. Siku ya kumi na tisa alijivua gamba, na safari hii lilitoka zima kama soksi iliyogeuzwa nje ndani. Tulilitandaza mezani tukaukagua upande wa kichwa: magamba mawili ya macho yalikuwepo, ya duara, angavu, na lile la kushoto lilikuwa limekunjana na jingine la zamani chini yake. Jicho lake lilikuwa jeusi na safi.

Suala la chakula lilishughulikiwa kando. Kuna wafugaji wanaomhamishia nyoka kwenye chombo kingine kila anapolishwa, kwa hoja kwamba akila ndani ya kizimba atadhani kila mkono ni panya. Sikubaliani nao. Kumbeba nyoka aliyekwisha kunusa windo, au aliyetoka kumeza, ni kumshika katika saa mbili mbaya kuliko zote. Tulichofanya ni kumpa dalili zinazotofautiana. Chakula huja usiku, taa ya chumba imezimwa, panya aliyegandishwa na kuyeyushwa na kupashwa joto akiletwa kwa koleo refu, kila baada ya siku kumi hivi. Mkono huja mapema jioni, na kabla haujamgusa, kulabu ya nyoka, yaani fimbo yenye ncha iliyopinda, humgusa kwanza katikati ya mwili kwa wepesi. Akishaguswa na kulabu anajua hakuna chakula. Baada ya kula haguswi kwa saa 48, maana chatu aliyesumbuliwa akiwa na tumbo zito aweza kutapika, na kutapika humdhuru.

Mkono unapoingia

Juma la nne ndipo tulipoanza, bila glavu. Glavu nene humlinda mtu na kumnyima habari: husikii mwili wa nyoka ukikaza, nawe hukaza zaidi bila kujua, na harufu yake haikuwa ya kijana aliyelala na fulana ile. Hofu ya kuumwa tuliizungumza waziwazi. Chatu mfalme hana sumu, meno yake ni madogo na yamepinda kuelekea ndani, na jeraha huoshwa kwa maji na sabuni. La kukumbuka ni kutouvuta mkono kwa nguvu, kwani kuvuta ndiko kunakochana ngozi na kuvunja meno ya nyoka.

Jioni tatu za kwanza mkono ulilala tu juu ya makumbi, kiganja kikiangalia juu, kwa dakika tano. Ya nne, kulabu ilimgusa mgongoni akiwa nusu nje ya ficho. Alirudisha kichwa, hakupuliza. Ya tano nilimwambia kijana amnyanyue.

Nilisimama nyuma yake. Aliingiza mikono miwili kutoka ubavuni, chini kabisa, si kutoka juu, akaipitisha chini ya theluthi ya katikati ya mwili na kuinua kama mtu anayeinua ukili uliosukwa asiotaka kuuvunja. Nyoka alikaza. Misuli ilisimama mstari mzima chini ya ngozi, na pumzi ikatoka kwa mlio mrefu. Kijana hakuongeza nguvu wala hakumrudisha; alibaki vilevile, mikono imetulia juu ya kitanda kwa kimo cha shubiri mbili, akihesabu kimyakimya. Ilipofika kama dakika moja, mkia ukaanza kuzunguka kifundo cha mkono wake. Kisha ulimi ukatoka, ukakaa nje, ukapanda na kushuka polepole. “Mrudishe sasa,” nikamwambia. Alishangaa, maana ndiyo kwanza mambo yalianza kuwa mazuri. Hapo hapo ndipo pa kumrudishia.

Mjadala upo kuhusu jambo hili. Baadhi ya wafugaji husema ukimrudisha nyoka baada ya kugonga, umemfundisha kwamba kugonga kunafaa, kwa hiyo umshike mpaka aache. Hoja ina ukweli ndani yake, na hatari yake ni kwamba huishia kwenye ile saa nzima ya glavu. Msimamo wangu ni kwamba somo zuri ni lile linalokwisha kabla ya hofu kupanda. Na ikitokea amegonga, mtu abaki pale bila kujongea hadi pumzi itulie, iwe nusu dakika au dakika mbili, ndipo amrudishe. Kwa njia hiyo kinacholeta kuachiwa ni utulivu. Hakuna haja ya kumshinda.

Tulikwenda hivyo mara tatu kwa juma: dakika mbili, kisha tatu, tano, nane. Kijana alijifunza kuifanya mikono iwe matawi, mmoja ukitangulia mwingine kadiri nyoka anavyosonga, bila kumbana popote na bila kukigusa kichwa. Mwisho wa juma la sita tuliacha mlango wa kizimba wazi, mkono ukiwa kizingitini, na nyoka akatoka mwenyewe juu yake.

Juma la nane mambo yaliharibika. Kijana alitembelewa na rafiki zake watatu, nao wakaomba kumwona. Alimtoa, wakampokezana, mmoja akamshika karibu na shingo, mwingine akacheka kwa sauti kubwa, na nyoka akamgonga yule wa tatu kwenye kidole. Alipozidi kumwangalia baadaye, aliona macho yameanza kuwa na rangi ya maziwa ya samawati: alikuwa akikaribia kujivua tena, siku ambazo nyoka haoni vizuri na hapaswi kuguswa na mtu yeyote, awe mzoefu au mgeni.

“Mjomba, nimeharibu kazi yote,” aliniambia kwenye simu, na nilisikia kwamba amelia.

“Hujaharibu, mwanangu. Umemrudisha nyuma hatua mbili. Basi na wewe rudi hatua mbili, umngoje huko.”

Alimngoja siku 11, mpaka gamba likatoka zima, akaongeza siku tatu, kisha akaanza tena na mkono uliolala juu ya makumbi. Kilichomchukua majuma matatu mara ya kwanza kilimchukua siku sita. Kwangu hicho ndicho kipimo bora zaidi katika kisa chote, bora kuliko dakika za kushikwa, kwa sababu kinaonesha kwamba aliyojifunza nyoka hayakufutika kwa tukio moja. Kosa la kijana silichukulii kwa wepesi. Yule rafiki angeweza kuutupa mkono na kumrusha nyoka ukutani. Tangu hapo mgeni huketi sakafuni, huangalia, na akitaka kugusa hugusa mgongo wakati nyoka yuko mikononi mwa mwenyewe, kisha huosha mikono kwa sabuni, kama wote wa nyumba ile waoshavyo, kwa sababu ya bakteria wa salmonela ambao wanyama watambaao huwabeba bila kuugua.

Mipaka ya kisa hiki

Nalazimika kueleza ni wapi maelezo haya hayatumiki, kwa kuwa wasomaji wengi wako Afrika Mashariki. Chatu mfalme mwenye historia ya kizimbani ni jambo moja. Nyoka aliyeokotwa shambani ni jambo jingine kabisa. Kifutu hulala kimya njiani, haondoki hata ukimkaribia, na ukimya wake huo ndio unaowaponza watu. Hakuna mazoea yanayoiondoa sumu ya koboko wala ya swila. Hata chatu mkubwa wa kwetu, ambaye hufikia mita nne na zaidi, hapaswi kushughulikiwa na mtu mmoja. Isitoshe, Kenya kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, na Tanzania kwa ile ya mwaka 2009, haziruhusu mtu kujichukulia mnyamapori akamfuga bila kibali. Uingereza chatu mfalme hufugwa bila leseni, ila Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 humbana mfugaji ampe mnyama mazingira na chakula kinachomfaa, na kwa kipimo hicho kile kizimba cha sebuleni kilikuwa na kasoro kubwa.

Lipo pia swali la kama nyoka huyu sasa anampenda kijana. Sidhani kwamba neno hilo linamhusu. Ninachokiona ni mnyama aliyezoea, ambaye harufu, saa na mwendo wa mtu mmoja havimpi tena sababu ya kujikinga. Nakiheshimu kitu hicho kama kilivyo, wala sioni kwamba kinapungua kwa kukosa jina kubwa zaidi.

Mwisho wa Machi ulifika na kupita. Dada yangu hakutaja muda alioutoa. Alinipigia simu kuniuliza kama makumbi yale yanapatikana kwenye duka la vifaa vya bustani lililo karibu na kazini kwake, maana mtoto alisema yamebaki kidogo. Katika juma la kumi na nne nyoka alikuwa na gramu 910, alikuwa hajagonga mtu kwa majuma sita, na alikuwa akishikwa mara tatu kwa juma kwa takriban robo saa. Bado hurudisha shingo mkono ukipita karibu na kichwa, upande wa kushoto zaidi, na huenda akabaki hivyo miaka mingi. Ukurasa wa mwisho wa daftari nililooneshwa, kwa mwandiko wa kijana, unasomeka hivi: “Jumapili. Nyuzi 32 na 26. Unyevu 61. Alitoka mwenyewe. Dakika 18. Kichwa bado.”